Mwandishi Asiyeijua Lugha ya Mji: Historia ya Filamu «The Third Man» (1949) na Suala la Tafsiri

1. Utangulizi

Sinema imependa tangu zamani kumchukua mwandishi wa vitabu, kumtupa ugenini, na kumzungushia fumbo linaloivuruga nafsi yake. Miongoni mwa filamu za namna hiyo, «The Third Man», yaani Mtu wa Tatu, ina cheo cha pekee. Ilitengenezwa na Waingereza, ikaanza kupigwa picha mjini Vienna, mji mkuu wa Austria, mwezi wa Oktoba 1948, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Mwaka huo huo ilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, nchini Ufaransa. Wasomaji wa Kifaransa wanaijua kwa jina la «Le Troisième Homme». Mwongozaji wake alikuwa Carol Reed. Hadithi ilitungwa na Graham Greene.

Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya picha zake, juu ya muziki wake na juu ya mwigizaji Orson Welles. Katika makala haya tunapenda kuifuata njia nyingine, ile ya lugha. Dai letu ni hili: katika filamu hii, kutoijua lugha ya wenyeji ndiko kunakolifunga fumbo, na ndiko kunakosababisha kifo cha shahidi wa pekee aliyesema kweli. Dai hili likikubaliwa, linatuletea swali linalohusu kazi yetu wenyewe: mtu akitaka kuileta filamu hii kwa watazamaji wa Kiswahili, afanye nini na Kijerumani kilichomo ndani yake?

Tutaanza na historia ya mji, kisha tutaeleza jinsi hadithi ilivyozaliwa, tutamchunguza mwandishi Holly Martins na lugha zinazomzunguka, tutalifuata jina la Kurtz ambalo lilianzia kwetu Kongo, na mwishoni tutalijibu swali la tafsiri.

2. Mji wa dola nne

Jeshi la Kisovieti liliiteka Vienna mwezi wa Aprili 1945. Miezi michache baadaye Wamarekani, Waingereza na Wafaransa walifika nao, na mji ukagawanywa. Kila dola ilipewa mitaa yake. Mtaa wa kwanza, ambao ndio kiini cha mji, uliwekwa chini ya dola zote nne pamoja, na uongozi wake ulibadilishana kila mwezi. Askari wanne, mmoja wa kila taifa, walizunguka barabarani ndani ya gari moja la jeep. Hali hiyo ilidumu miaka 10, hata mkataba wa tarehe 15 Mei 1955 ulipoirudishia Austria mamlaka yake, na majeshi ya kigeni yakaondoka.

Msomaji alitazame vizuri gari lile, kwani filamu yenyewe inalionyesha tangu dakika zake za kwanza. Ndani yake mna Kiingereza cha Mmarekani na cha Mwingereza, mna Kirusi, mna Kifaransa. Sauti ya msimulizi inatueleza kwa mzaha kwamba askari hao hawakuwa na lugha ya kuelewana ila vijineno vya Kijerumani vya kuokoteza. Basi sheria ilipita mjini kwa lugha za wageni, na lugha ya wenyeji ilibaki kando ya barabara.

Mji wenyewe ulikuwa magofu. Nyumba ya opera ilipigwa mabomu mwezi wa Machi 1945, na kanisa kuu la Mtakatifu Stefano liliungua mwezi uliofuata. Gurudumu kubwa la bustani ya Prater, lililojengwa mwaka 1897, liliteketea mwaka 1944, likasimamishwa tena mwaka 1947 likiwa na vyumba pungufu. Chakula, makaa, viatu na karatasi za kusafiria, vyote vilitafutwa katika soko la magendo.

Bidhaa moja ya soko hilo ilikuwa dawa ya penisilini. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928 mjini London. Howard Florey na Ernst Chain wakaifanya iwe dawa ya kutibu watu wakati wa vita, na wote watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1945. Lakini mara baada ya vita dawa hiyo ilikuwa bado adimu kwa raia wa kawaida. Penye uhaba hapakosi mwizi. Katika filamu, dawa inaibwa katika hospitali za jeshi, inachanganywa ili iongezeke, kisha inauzwa kwa bei ya juu. Matokeo yake ni watu waliooza miguu, wanawake waliokufa katika uzazi, na watoto wenye ugonjwa wa uti wa mgongo waliopotewa na akili au uhai.

3. Jinsi hadithi ilivyozaliwa

Wazo la kutengeneza filamu juu ya Vienna ya dola nne lilikuwa la Alexander Korda, mtayarishaji wa filamu aliyezaliwa Hungaria na kuhamia Uingereza. Reed na Greene walikuwa wamemaliza kufanya kazi pamoja katika «The Fallen Idol» ya mwaka 1948, na Korda alitaka waendelee. Greene alikuwa na wazo moja tu mfukoni: mtu anapita barabarani anamwona rafiki ambaye alikwisha kumzika. Kwa nini marehemu huyo yu hai, na amezikwa nani mahali pake, hayo mtunzi hakuyajua bado.

Mwezi wa Februari 1948 Greene alikwenda Vienna kuyatafuta. Huko aliongozwa na Elizabeth Montagu, aliyekuwa akimfanyia Korda kazi, na mwandishi wa habari Peter Smollett, mzaliwa wa Vienna ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Smolka. Alisikia habari za biashara ya penisilini. Akasikia pia habari za polisi maalum wanaolinda mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya ardhi, ambamo mtu aliweza kupita kutoka eneo la dola moja hadi la dola nyingine bila kuonyesha karatasi. Mambo hayo mawili yalimpatia hadithi. Tuseme pia kwamba mtunzi mwenyewe, aliyekuwa mgeni mjini, aliupokea mji kwa midomo ya watu waliomfasiria. Hali ya mhusika wake hakuitunga kutoka mbali.

Greene aliandika kwanza hadithi ya kawaida, iliyochapishwa mwaka 1950, huku akieleza mwenyewe kwamba haikukusudiwa kusomwa bali kutazamwa. Katika hadithi hiyo mwandishi ni Mwingereza, na anayesimulia ni Meja Calloway wa polisi ya jeshi la Uingereza. Katika filamu mwandishi amekuwa Mmarekani, na mwisho umegeuzwa. Greene alimalizia kwa mwandishi na mwanamke kuondoka pamoja makaburini. Reed alikataa, akataka mwanamke ampite bila kumtupia jicho. Baadaye Greene alikiri kwamba Reed ndiye aliyeona sawa.

Kulikuwa na mabadiliko mengine yanayohusu somo letu zaidi. Mtayarishaji wa Kimarekani David O. Selznick, aliyeshirikiana na Korda, alionyesha kwao nakala fupi kuliko ile ya Uingereza kwa dakika 11 hivi. Katika nakala ya Uingereza, sauti ya mwanzoni ni ya Reed mwenyewe, akisema kama mtu wa mjini aliyezoea magendo. Katika nakala ya Marekani, sauti hiyo iliondolewa, na mahali pake akawekwa Joseph Cotten, aliyeigiza mwandishi. Hivyo neno la kwanza juu ya mji lilinyang'anywa mtu anayeujua, likapewa mgeni aliyeshuka garini asubuhi ile. Mabadiliko hayo ni ya maneno machache, lakini yanaonyesha kwamba watengenezaji walijua vema uzito wa swali la nani asimulie.

4. Holly Martins

Martins ni mwandishi wa riwaya za bei rahisi juu ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Anafika Vienna bila fedha, akiitwa na rafiki yake wa tangu shuleni, Harry Lime, aliyemwahidi kazi. Anaambiwa kwamba Lime amegongwa na gari na kwamba wakati ule ule anazikwa. Makaburini anakutana na Meja Calloway, anayemwambia kwamba rafiki yake alikuwa mwovu kupita wote waliofanya magendo mjini. Martins, aliyelewa na kukasirika, anataka kumpiga ngumi; kisha anaapa kulisafisha jina la marehemu.

Anawatafuta walioshuhudia ajali. Baroni Kurtz na Mromania Popescu wanasema kwamba wao wawili ndio walioubeba mwili. Daktari Winkel, tabibu wa Lime, alifika baadaye. Lakini bawabu wa nyumba, aliyetazama dirishani, anasema waliobeba walikuwa watatu. Ndipo linapotokea jina la filamu. Mtu huyo wa tatu, tunajua mwishowe, ni Lime mwenyewe, mzima wa afya. Aliyezikwa ni mtumishi wa hospitali aliyekuwa akiwapa polisi habari za penisilini.

Fumbo hili la polisi limeshikana na fumbo la nafsi. Vitabu vya Martins vina mtu mwema na mtu mwovu, na msomaji huwatambua tangu ukurasa wa kwanza. Sasa mwandishi ameingia katika kisa ambacho mwovu ni mtu anayempenda. Mpiga picha Robert Krasker, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hii, aliuinamisha mji: kuta zinalala upande, ngazi zinapanda kwa mshazari, nyuso za wazee zinatokea ghafla zikimkodolea mgeni macho. Inasimuliwa kwamba mwongozaji William Wyler, baada ya kuitazama filamu, alimpelekea Reed pimamaji la fundi ili siku nyingine kamera isimame wima. Mzaha huo unasema kweli, kwani Martins hana pimamaji lolote. Kipimo alichokuja nacho ni kile cha vitabu vyake.

Udhaifu wa mwandishi huyu unafunuliwa kwa dhihaka pale anapoalikwa na shirika la utamaduni la Waingereza kuhutubia juu ya riwaya ya kisasa. Anachukuliwa ndani ya teksi kwa mbio kiasi cha kudhani ametekwa, kisha anajikuta jukwaani. Anaulizwa juu ya James Joyce na juu ya namna za kuandika mawazo ya ndani ya mtu. Hana jibu, na wasikilizaji wanaondoka mmoja mmoja. Usiku ule ule, mbele ya watu hao, Popescu anamwuliza anaandika nini. Martins anajibu kwamba anaandika kisa cha kweli kiitwacho Mtu wa Tatu. Popescu anamshauri abaki na hadithi za kubuni. Ni tisho la kumwua, na limesemwa kwa Kiingereza safi cha ukumbini.

5. Kijerumani kisichotafsiriwa

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha makala yetu. Sehemu kubwa ya maneno ya wenyeji katika filamu hii yamesemwa kwa Kijerumani, na Reed hakuweka tafsiri yoyote chini ya picha. Mtazamaji asiyejua Kijerumani anabaki pale pale alipo Martins. Mtazamaji wa Vienna, kinyume chake, aliona filamu nyingine, ambamo yeye anaelewa na shujaa haelewi.

Mifano ni mingi. Mmiliki wa nyumba anamopanga Anna Schmidt, mpenzi wa Lime, analalamika kwa kirefu, amejifunika blanketi, wakati askari wa dola nne wanapovamia chumba usiku. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Hedwig Bleibtreu, mwigizaji mashuhuri wa jukwaa la Vienna aliyekuwa karibu kutimiza miaka 80. Kila neno lake lina maana, ila wale anaowaambia hawaelewi wala hawajali. Martins mwenyewe hawezi hata kutamka majina. Jina la Winkel analisoma kwa Kiingereza, na daktari anamsahihisha kila mara. Jina la Calloway analigeuza kuwa la Kiairishi, na Meja anakasirika. Mambo hayo yanachekesha, lakini yanatuonyesha mtu ambaye hasikii sawasawa anachoambiwa, hata katika lugha yake.

Tumtazame sasa bawabu, aliyeigizwa na Paul Hörbiger, mwigizaji aliyependwa sana nchini Austria. Kiingereza chake ni kidogo. Akitaka kueleza mahali alipo marehemu, anataja jehanamu huku akinyoosha kidole juu, kisha anataja mbingu akionyesha chini. Watazamaji hucheka. Lakini mtu yule yule anayekosea mbingu na jehanamu hakosei hesabu: anasema tatu, na ni tatu. Kosa lake ni la msamiati. Ushuhuda wake ni wa kweli. Hataki kwenda polisi, na Martins anapomshurutisha, ugomvi unazuka mbele ya Hansl, mtoto mdogo.

Kinachofuata hakina budi kuelezwa polepole, kwa sababu wengi hukipita. Martins anakwenda katika klabu ya usiku, anakutana na Popescu, na katika kumhoji juu ya mtu wa tatu anamtajia aliyempa habari hiyo: bawabu wa nyumba ya Lime. Popescu anasikiliza kwa adabu. Kesho yake bawabu anamwita Martins dirishani na kumwomba arudi jioni, kwani ameamua kusema zaidi. Jioni Martins anaporudi pamoja na Anna, watu wamejaa barabarani na bawabu ameuawa. Hansl anamwonyesha mgeni kwa kidole na kupiga kelele kwamba ndiye muuaji. Martins anatabasamu kidogo kwa kutoelewa. Anna ndiye anayemfasiria, nao wanakimbia.

Mtoto amekosea kisheria, kwani si mkono wa Martins uliomwua bawabu. Lakini hakukosea sana. Ni mdomo wa Martins uliomtoa.

Tukizipanga sauti za filamu hii kwa kipimo cha ujuzi wa Kiingereza, tunapata jambo la ajabu. Kurtz, Winkel na Popescu wanakisema vizuri, kwa upole na utaratibu. Wote watatu ni waongo. Bawabu anakisema vibaya, ni mkweli. Mmiliki wa nyumba na Hansl hawakisemi kabisa; hawana cha kuficha. Anna yuko katikati, anajua lugha zote mbili, na ndiye mwenye karatasi bandia, Mcheki aliyefanywa Mwaustria kwa ustadi wa Lime. Martins anawaamini wanaosema lugha yake kwa sababu wanaisema. Ndilo kosa lake kubwa, na kosa hilo si la ulevi wala la upumbavu. Ni kosa la kila mgeni anayedhani kwamba mtu aliyemwelewa kwa urahisi ndiye aliyemwambia kweli.

Sauti moja ya Vienna iliwafikia wote bila mfasiri. Anton Karas, mpigaji wa zither katika vilabu vya mvinyo vya mjini, alichaguliwa na Reed kutoa muziki wote wa filamu, naye akapelekwa London kuutunga. Wimbo wake mkuu ulienea duniani, na mwaka 1950 ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani kwa majuma 11. Zither ni ala ya nyuzi inayolazwa mezani, haina maneno. Ulimwengu ulimsikiliza mwenyeji wa Vienna pale tu aliponyamaza na kupiga nyuzi.

6. Kurtz, kutoka mto Kongo

Jina la Baroni Kurtz haliwezi kupita mbele ya msomaji wa Kongo bila kumgusa. Ni jina la wakala wa pembe za ndovu katika riwaya fupi ya Joseph Conrad, «Heart of Darkness», iliyotokea kwanza katika gazeti mwaka 1899 na kuwa kitabu mwaka 1902. Greene alimsoma Conrad tangu ujanani. Naye Orson Welles aliicheza kazi hiyo redioni mwaka 1938, na mwaka uliofuata alipanga kuifanya filamu yake ya kwanza. Mpango huo haukutimia. Kwa hiyo mtunzi na mwigizaji waliokutana Vienna walikuwa wote wawili wameishi na Kurtz kabla ya kukutana.

Baroni wa Vienna amepewa jina, lakini nafasi ya Kurtz ameipewa Lime. Yeye ndiye mtu anayesemwa na wote kabla hajaonekana. Ndiye rafiki anayetafutwa na mgeni. Ndiye mwenye akili na mvuto, aliyeamua kwamba maisha ya watu wengine ni hesabu tu. Juu ya gurudumu la Prater anamwonyesha Martins watu walio chini, wadogo kama nukta, na kumwuliza angehuzunika kiasi gani kama nukta moja ingeacha kusogea milele, hali kila nukta inaleta fedha.

Conrad alipanda mto wetu mwaka 1890, akafika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, mwanzoni mwa Septemba. Katika kitabu chake, watu wa mto wana makelele na ngoma. Maneno wanayopewa ni machache mno. Chinua Achebe alililaumu jambo hilo katika hotuba yake ya mwaka 1975, na lawama hiyo inajulikana. Sisi wa masomo ya Kiswahili tunaweza kuongeza tarehe. Stanley Falls ya wakati ule ilikuwa chini ya Tippu Tip, aliyefanywa liwali mwaka 1887 na kuondoka kurudi Zanzibar mwaka 1890, na Kiswahili kilisemwa pale. Habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, zilichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode. Hivyo, wakati ule ule kitabu cha Conrad kilipotoka kikionyesha mahali pasipo na maneno, kulitoka kitabu kingine chenye maneno ya mtu aliyepatawala mahali pale. Hatusemi kwamba Tippu Tip alikuwa sauti ya wanyonge. Alikuwa mfanyabiashara wa watumwa na pembe, na aliowateka hawakuandika. Tunasema tu kwamba ukimya ule ulikuwa katika sikio la msafiri, haukuwa mtoni.

Hapo ndipo Reed alipokwenda hatua moja mbele ya Conrad. Katika filamu yake wenyeji wanasema, kwa sentensi kamili, zenye sarufi na hoja. Mgeni haelewi, na filamu inatuonyesha kwamba upungufu ni wa mgeni. Greene mwenyewe alifika Kongo mwanzoni mwa mwaka 1959, majuma machache baada ya ghasia za tarehe 4 Januari mjini Léopoldville. Alikaa katika kambi ya wagonjwa wa ukoma ya Yonda, karibu na Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka, akitafuta mhusika wa riwaya mpya. Katika shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1961, anaeleza kwamba alimsoma Conrad upya akiwa huko.

7. Swali la mfasiri

Turudi sasa kwenye swali la mwanzo. Mtu anayetaka kuileta filamu hii kwa Kiswahili ana njia tatu. Ya kwanza ni kuondoa sauti zote na kuweka za Kiswahili. Njia hiyo inaiua filamu, kwa kuwa bawabu na Baroni watasema lugha moja kwa ufasaha mmoja, na tofauti iliyomwangamiza bawabu itafutika. Ya pili ni kuandika chini ya picha tafsiri ya yote, Kiingereza na Kijerumani pia. Ni njia ya huruma kwa mtazamaji, lakini inampa ujuzi ambao mtunzi alimnyima makusudi; atacheka kwa Martins badala ya kuogopa pamoja naye. Ya tatu ni kufasiri Kiingereza peke yake na kuacha Kijerumani kama kilivyo.

Sisi tunashauri njia ya tatu. Tunajua pingamizi linaloweza kutolewa: mtazamaji wa Kiswahili atadhani mfasiri amechoka au fedha zimekwisha. Sentensi moja mwanzoni mwa filamu yatosha kumwarifu kwamba Kijerumani kimeachwa kwa makusudi. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba sisi, ambao kwa muda mrefu tumekuwa upande wa bawabu, hatuna haja ya kujifunza hali ya kutoeleweka. Ni kweli. Lakini njia ya tatu inatuweka mahali pengine kabisa: inatuketisha kwenye kiti cha Martins. Kwa saa moja na nusu na zaidi, sisi ndio tusiosikia, sisi ndio tunaomwamini msema lugha yetu, na sisi ndio tunaomtaja bawabu mbele ya Popescu.

Kiti hicho si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kama lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kama lugha za taifa. Kila aliyesoma kati yetu amewahi kuwa upande wa meza ambako Kifaransa kinasemwa, huku upande wa pili akisimama mtu anayejua jambo lenyewe lakini analieleza kwa maneno yaliyopinda. Mganga anamwuliza mgonjwa. Hakimu anamwuliza shahidi. Karani anamwuliza mama juu ya shamba lake. Anayejibu kwa ufasaha huandikwa. Anayenyoosha kidole juu na kutaja jehanamu huchekwa, na hesabu yake, iliyo sahihi, haiingii katika karatasi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba «The Third Man» ni filamu ya kihistoria kwa namna mbili. Inahifadhi sura ya mji uliotawaliwa na dola nne kati ya mwaka 1945 na 1955, na inahifadhi pia jinsi mji huo ulivyosikika masikioni mwa mtu asiyeuelewa. Mwandishi Martins anampata mtu wa tatu mwishoni, ndani ya mifereji ya chini ya ardhi, na anamwua kwa mkono wake. Kisha anasimama kando ya njia ya makaburini akimngoja Anna, naye Anna anampita. Mwanamke huyu aliyemfasiria mji mzima hana neno lolote la kumwambia, kwa lugha yoyote.

Bawabu hapati mazishi katika filamu hii. Lime anazikwa mara mbili. Mfasiri atakayeishughulikia kazi hii siku moja kwa Kiswahili ajue kwamba uamuzi wake juu ya mistari michache ya Kijerumani ndio utakaoamua kama watazamaji wetu watauona upungufu huo au hawatauona.